Pointi za kadi katika supamaketi inayofilisika: je, ni deni?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, Likoni. Kwa miaka nimenunua supamaketi moja nikikusanya pointi za kadi, nikiziwekea nguo za Idi za watoto. Sasa rafu ni tupu, na kila nikitaka kuzitumia keshia husema mtambo haufanyi kazi. Jirani amesikia kwenye mawaidha kuwa pointi ni deni, na nikinyimwa naweza kuchukua bidhaa za thamani hiyo kimya kimya, kama Hind alivyoruhusiwa. Ni sawa?

JIBU: Wa alaykum salaam. Swali lako limenikosesha raha, mamangu, kwa sababu fatwa hiyo nimeisikia na mimi, na wanaoitoa wanaichukulia wepesi.

Bei ya kwenye rafu ni moja kwa mwenye kadi na asiye nayo. Basi pointi ni ahadi ya zawadi, na kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, hiba, yaani zawadi, haimfungi mtoaji mpaka ikabidhiwe. Abubakar (r.a.) alimpa bintiye Aisha tende za wasaki ishirini, kipimo cha zamani, zikiwa bado mtini. Mauti yalipomfikia alimwambia: lau ungezivuna na kuzichukua zingekuwa zako, lakini leo ni mali ya warithi. Huyo ni Aisha, na mtoaji ni babake! Itakuwaje namba iliyoandikwa kwenye kadi?

Ama Hind bint Utba, Mtume (s.a.w.) alimwambia achukue kwa wema, katika mali ya mumewe Abu Sufyan, kinachomtosha yeye na wanawe, kwa kuwa matumizi yao yalikuwa wajibu juu ya Abu Sufyan. Haki ilikuwa imethibiti, mume akiwa na uwezo. Wewe huna haki iliyothibiti, na mali ya anayefilisika imeshafungamana na haki za watu wengine. Supamaketi ya Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, hadi wadai wake walipopiga kura ivunjwe Januari 2020, waliokuwa wakidai ni wasambazaji, wenye majengo, mabenki, wafanyakazi. Ukitia kilo ya sukari mkobani umemnyang'anya mmoja wao, na jina lake ni wizi. Anayewafundisha akina mama haya anawapeleka mikononi mwa walinzi na polisi, na siku hiyo yeye hatakuwepo.

Mwenye duka naye, akiwa na uwezo kisha akajificha nyuma ya mtambo, amevunja ahadi na ana dhambi yake.

Fanya hivi. Nenda wiki hii, asubuhi, uombe kuzitumia pointi zote kwa chochote mnachokila nyumbani: mchele, mafuta, sabuni. Usingoje zitimie za nguo, wala usinunue usichohitaji ili zitimie. Hapo ndipo wengi wanapotia pesa halisi kufuata zawadi isiyokuja. Kama una vocha uliyoilipia, hiyo ni deni hasa. Itumie kwanza, na duka likifungwa peleka dai lako kwa msimamizi. Keshia usimgombeze. Huenda mshahara wake wenyewe hajauona.

Na nguo za Idi, mamangu, Sunna ni kuvaa iliyo nzuri katika ulizonazo. Mpya si sharti. Mwambie baba watoto mapema kwamba pointi huenda zisipatikane, usiubebe mzigo huo peke yako hadi usiku wa mwezi kuandama. Wallahu aalam.