Uliza Mjuaji: Mawe yanatembea, barafu inatoka damu

Swali: Mjuaji habari yako, mimi ni mama mboga hapa Kaptembwo, Nakuru. Kijana yangu amenionyesha kwa simu picha za mawe makubwa huko Marekani ati yanatembea yenyewe jangwani na kuacha alama nyuma kama nyoka amepita. Ni majini ama ni hawa watu wa kompyuta wanatucheza?

Jibu: Mama, hakuna aliyekucheza, hiyo kitu iko. Mahali panaitwa Racetrack Playa, Death Valley, California, ni uwanja wa matope yaliyokauka, tambarare kama chapati, na kuna mawe hapo yamepita kilo 300. Watu wamebishana miaka mingi, huyu anasema upepo, yule sumaku, wengine hao majini wako, mpaka mwisho wa 2013 watafiti wawili, Richard na James Norris, binamu hao, wakaona mawe yakisonga mbele ya macho yao, na walikuwa wamefunga GPS kwa mawe kadhaa kwa hivyo ubishi ukaisha.

Siri ni barafu. Mvua ikinyesha maji yanasimama hapo kidogo, usiku yanaganda, barafu ya milimita chache tu, kama kioo cha dirisha, jua likipanda inapasuka vipande vikubwa vinaelea, halafu upepo mdogo tu, hata wa kung'oa kofia si lazima, unasukuma barafu, barafu nayo inasukuma jiwe juu ya matope yanayoteleza. Mwendo ni mita chache kwa dakika, kwa hivyo ukiwa mbali utaapa hakuna kitu kimesogea. Maji yakikauka inabaki tu ile mistari. Mimi nilijaribu na sinia ya maji na kokoto kwa friza, bibi akaniuliza kama nimefutwa kazi.

Swali: Kuna maporomoko ya damu kule Antaktika, ni ukweli? Mwanafunzi, Kakamega.

Jibu: Maporomoko yapo, damu hakuna, ni kutu. Mtaalamu wa miamba Griffith Taylor aliyaona 1911 yakitoka kwa barafu ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Chini yake kuna maji ya chumvi kali yenye madini ya chuma, chumvi inayazuia kuganda, sasa yakitoka yakutane na hewa yanageuka mekundu. Angalia mabati ya zamani hapo kwenu mvua ikinyesha, utaona ndugu yake.

Swali: Mjuaji wacha za ng'ambo. Mimi niko boda Kondele, juzi nilishukisha kastoma Dunga nikaona moshi mweusi umesimama katikati ya ziwa kama kuna meli inaungua, na hakuna mtu alishtuka!

Jibu: Hahaha, kaka wewe ni mgeni Kisumu? Hao ni wadudu wa ziwa, mamilioni. Wanakulia kwa matope chini ya maji, halafu wanatoka pamoja kutafuta wachumba, wanazunguka angani mpaka inakuwa nguzo ndefu kabisa ya moshi. Hawaumi, na wakishakuwa wakubwa wanaishi siku chache tu. Wazungu wakiona hii wanatoa kamera, sisi tunafunga madirisha na kuzima taa ya nje. Wakielekea nchi kavu na uko kwa pikipiki shusha kioo cha helmeti na usiongee na kastoma. Mimi nilimeza kama watatu nikila samaki wa ngege pale ufukweni, na bei haikupunguzwa.