Jibu: Kwa nini askari wako hatoroki

Habari ndugu. Umeandika kwamba umekwama kwenye riwaya yako kwa kuwa wasomaji hawamwelewi askari mweusi wa jeshi la Mjerumani Afrika Mashariki, mwaka 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, anayetukanwa kila siku na bado habanduki. Nami nilikwama papo hapo kwenye riwaya yangu. Tazama kwanza nyuma ya msafara: wake na watoto wa askari walitembea nao. Nilipomwandika mke, sufuria kichwani, mtoto mgongoni, swali la kutoroka lilijijibu. Halafu mwache askari wako naye abague. Askari waliwaita wapagazi na wanavijiji washenzi, na cheo cha shaushi (cheo kidogo cha uongozi katika jeshi hilo) kina utamu wake. Zile hotuba za uzalendo futa (samahani, zinachosha). Andika adui, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) aliyejeruhiwa, akimwomba askari wako maji kwa Kiswahili.