Gari la Nani, Deni la Nani?

Maswali ya Wasomaji: Biashara na Sheria

SWALI: Shikamoo Mwanasheria. Mimi na mdogo wangu wa kike tunakaanga chipsi na kuchoma mishikaki kwenye kibanda hapa Uyole, Mbeya. Sasa tumepata gari dogo la mizigo aina ya kirikuu, na fundi wa Mwanjelwa ameanza kuligeuza liwe mgahawa unaotembea, lenye dirisha la kuuzia ubavuni, majiko mawili ya gesi na tangi la maji. Gharama yote ni shilingi milioni 18. Sisi wawili tumetoa milioni 8, na baba yetu mdogo aliyeko Makambako ametoa milioni 10, na kadi ya gari imetoka kwa jina lake. Tunataka asubuhi tuuze supu na chapati kwa abiria, mchana tuhamie jirani na maofisi, na Jumamosi twende Mbalizi. Wapo wanaotuambia tusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na tutakuwa salama, na wapo wanaosema tusipofungua kampuni tutakuja kupoteza kila kitu. Tufanye lipi, na tuanzie wapi?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umefanya vema kuuliza kabla fundi hajakukabidhi gari, kwa sababu jambo kubwa katika barua yako umelitaja kama kwa kupita tu: kadi ya gari ina jina la baba yenu mdogo. Nitalirudia hilo, lakini kwanza niondoe dhana ambayo nakutana nayo karibu kila wiki.

Kusajili jina la biashara hakuleti kinga yoyote dhidi ya madeni. Chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, kazi ya BRELA ni kuweka katika daftari kwamba jina fulani linatumiwa na watu fulani. Ada yake ni ndogo, shilingi 15,000 za usajili na 5,000 za kila mwaka, na cheti chake kinafaa kwa kufungulia akaunti ya benki na kuombea leseni. Hata hivyo, jina si mtu. Ukichukua madumu kumi ya mafuta ya kula kwa mkopo ukashindwa kulipa, muuzaji atakushtaki wewe na mdogo wako, na hukumu ikitoka itafuata friji la nyumbani na kiwanja ulichonunua kwa jasho, maana machoni pa sheria wewe na biashara yako ni kitu kimoja.

Sasa niwaambie mlivyo leo, kabla hamjasajili chochote. Watu wanaofanya biashara pamoja kwa makubaliano ya kugawana faida ni wabia, hata kama hawajawahi kulitamka neno ubia wala kutia saini karatasi yoyote. Huku Bara ubia unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kanuni zake zinawashangaza wengi. Pasipo makubaliano mengine, wabia hugawana faida sawa kwa sawa, na hasara vilevile, bila kujali nani alitoa mtaji mkubwa. Kila mbia anaweza kuwafunga wenzake kwa ahadi anayoitoa katika shughuli za kawaida za biashara, na kila mmoja anawajibika kwa madeni ya ubia hadi katika mali yake binafsi. Maana yake ni kwamba baba yenu mdogo, ambaye hajui hata bei ya gunia la viazi hapo Uyole, ikiwa naye mlikubaliana kugawana faida, anaweza kudaiwa kwa mafuta mliyoyakopa ninyi, huku yeye akiwa Makambako na shughuli zake. Tena mbia akifariki ubia huvunjika, isipokuwa kama wabia walikubaliana vinginevyo.

Hilo la kifo nimeliona kwa karibu. Akina mama wawili walikuja ofisini kwangu wakiwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Kwenye ukurasa wa kwanza wabia wawili walikuwa wameandika kwa kalamu ya wino kila mmoja alitoa kiasi gani kununua jiko, meza na friza la biashara yao ya chakula, na chini yake saini mbili. Mmoja wa wageni wangu alikuwa mbia aliyebaki, lakini wa pili hakuwa mmoja wa waliotia saini: alikuwa dada wa mbia aliyefariki, msimamizi wa mirathi yake. Daftari lilieleza nani alitoa nini, lakini halikusema lolote kuhusu thamani ya mali baada ya miaka minne ya matumizi, wala kama aliyebaki ana haki ya kununua sehemu ya mwenzake, wala kwa bei ya nani. Iliwachukua miezi mingi kumaliza jambo ambalo mistari mitano zaidi ingelimaliza, na muda wote huo friza lilikaa limefungwa.

Turudi kwa baba yenu mdogo. Mkae naye chini, ana kwa ana, mumuulize swali moja kwa adabu: Baba, fedha hizi ni mkopo au ni sehemu yako katika biashara? Akisema ni mkopo, andikeni mkataba wa mkopo wenye kiasi, muda wa kurejesha na dhamana, kisha kadi ya gari ihamishiwe kwenu. Yeye atakuwa mdai tu, na madeni ya biashara hayatamgusa. Akisema anataka gawio, yaani sehemu ya faida, la kila mwaka, basi msimweke katika ubia. Kumfanya mbia mzee anayeishi mbali, asiyeshiriki uendeshaji, ni kumbebesha mzigo ambao hakuukusudia, na kwa maoni yangu si haki kumtendea hivyo mtu aliyewaamini. Afadhali awe mwanahisa wa kampuni.

Kwa jinsi mlivyoieleza biashara yenu, yaani watu watatu, mali ya milioni 18, majiko ya gesi ndani ya gari na chakula kinacholiwa na watu wengi kila siku, ushauri wangu unaelemea kwenye kampuni binafsi yenye ukomo wa dhima, chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002. Kampuni ni mtu kisheria: inamiliki gari kwa jina lake, inakopa kwa jina lake, inashtakiwa kwa jina lake, na haifi mwanahisa anapokufa. Mwanahisa hupoteza kile alichoweka katika hisa, si nyumba yake. Hisa zinaweza kufuata fedha zilizotolewa, lakini ninyi wawili mtakaoamka saa kumi usiku kuchemsha supu mna haki ya kuomba kazi yenu ihesabiwe pia. Hilo lijadiliwe sasa, liandikwe katika katiba ya kampuni au katika makubaliano ya wanahisa, pamoja na namna ya kununuliana hisa mmoja akitaka kutoka. Na gari lihamishiwe kampuni. Kampuni ambayo chombo chake pekee cha kazi kina kadi ya mtu mwingine haina kitu mkononi.

Kinga hiyo ina mipaka, nanyi mwijue. Benki ikikopesha kampuni changa, mara nyingi itawataka wakurugenzi waweke dhamana zao binafsi, na ukishatia saini hapo ukuta umeuvunja mwenyewe. Aliyesababisha madhara kwa uzembe wake, kwa mfano kuuza nyama iliyoharibika huku akijua, hawezi kujificha nyuma ya kampuni. Pia msidhani bima ya mtu wa tatu ya gari inatosha: hiyo inalenga ajali za barabarani, si mteja aliyeunguzwa na jiko gari likiwa limeegeshwa. Muulizeni wakala wa bima kuhusu dhima kwa umma na moto.

Kampuni ina gharama ya kuitunza. Ada ya usajili hupanda kadiri mtaji wa hisa unavyopanda, kwa hiyo msiandike mtaji wa mamilioni mia kwa ajili ya fahari. Kila mwaka mtawasilisha BRELA taarifa za mwaka, mtatangaza wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni, na hesabu zenu zitaandaliwa na mhasibu mwenye sifa. Katika kodi tofauti ni kubwa. Mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100 anaweza kutozwa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo, bila kulazimika kuandaa hesabu kamili. Kampuni haimo katika utaratibu huo, nayo hulipa asilimia 30 ya faida, na gawio kwa wanahisa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Msikimbilie kusema hiyo 30 ni kubwa kupita kiasi, kwa sababu inatozwa juu ya kinachobaki baada ya viazi, mafuta, gesi, mishahara yenu na uchakavu wa gari kuondolewa, ilhali ile kodi ya makadirio haimuulizi mtu kama mwaka huo alipata hasara. Usajili wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) haujawafikia mpaka mauzo yafike milioni 200 kwa mwaka.

Mkishasajili, ombeni Mamlaka ya Mapato (TRA) namba ya mlipakodi (TIN) ya kampuni, ambayo hutolewa bure, kisha leseni ya biashara kutoka halmashauri. Hapa ndipo mgahawa unaotembea unapotofautiana na kibanda. Leseni chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972 hufungamana na mahali. Uyole iko Jiji la Mbeya, na Mbalizi iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, hivyo leseni ya Jiji peke yake haiwapi ruhusa ya kuuza Mbalizi siku ya Jumamosi. Nendeni kwa ofisa biashara wa kila halmashauri, mpelekeeni orodha ya vituo mnavyovikusudia na mpate idhini ya kila kituo kwa maandishi. Barabara kuu ya TANZAM, iendayo Zambia, ina hifadhi yake, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ambayo kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na kwa kuwa barabara inapanuliwa kuwa njia nne ndani ya Mbeya, kituo kinachoonekana kizuri leo kinaweza kuwa katikati ya matengenezo kesho. Ofisa afya atakagua gari na kuwataka wote mnaogusa chakula mpimwe afya, na Zimamoto watataka kuona kizima moto na mahali mtungi ulipofungwa. Mwambieni fundi sasa hivi, kabla hajachomelea, aweke mtungi nje ya chumba cha kupikia na matundu ya hewa karibu na sakafu, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia chini.

SWALI: Sisi ni vijana sita wa Mafinga, tuna kikundi kilichosajiliwa halmashauri na tunataka mkopo wa asilimia 10 tununue toroli la kuuzia chakula. Je, cheti cha kikundi kinatosha, au tufungue kampuni?

JIBU: Kwa mkopo huo kikundi ndicho kinachohitajika. Fedha hizo zisizo na riba ni asilimia 10 inayotengwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hupitia vikundi. Msifungue kampuni sasa. Jueni hata hivyo kwamba cheti cha kikundi hakiwakingi na deni: mwenzenu mmoja akihama, watano waliobaki bado mna marejesho. Katiba ya kikundi iseme wazi toroli linalala kwa nani, nani anashika fedha ya mauzo, na anayetoka anaondoka na nini.

SWALI: Nauza makande na chai peke yangu kwa baiskeli ya matairi matatu, Manispaa ya Iringa. Sidaiwi na mtu. Nami nahitaji kampuni?

JIBU: Hapana, mama. Sajili jina la biashara ikiwa unataka kuandika jina lako la kibiashara kwenye baiskeli, pata TIN, na muone ofisa biashara wa Manispaa kuhusu kibali au leseni inayokufaa. Andika mauzo ya kila siku katika daftari. Siku utakapoajiri mtu wa pili na kuanza kukopa unga na sukari kwa jumla, niandikie tena ukiwa na daftari hilo.