Kwa anayeanza kazi ya programu: njia ya faili inaanzia wapi?

Wengi wanaojiunga na timu za programu hapa Nairobi huandika kazi yao kwenye laptopu ya Windows, kisha inapelekwa kwenye seva ya Linux. Huko ndiko ujumbe wa "faili haipo" unakoanza, na faili ipo pale pale unaiona.

Mara nyingi chanzo ni njia tegemezi, yaani anwani ya faili isiyosema inaanzia wapi. Ukiandika `data/wateja.csv` umetaja nusu ya anwani. Ni kama kumwambia mgeni "pinda kushoto, jengo la pili" bila kusema anatokea Kencom au Railways. Nusu iliyobaki hujazwa na folda ya kazi, yaani ile ambamo programu ilianzishwa, wala si lazima iwe folda yenye msimbo wako. Kwenye terminali yako folda hizo mbili mara nyingi hulingana, ndiyo maana ni rahisi kudhani ni kitu kimoja. Programu ikiamshwa na cron, kiratibu cha Linux kinachoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, huanzia folda ya nyumbani ya mtumiaji. Ikiwa huduma ya mfumo inayoendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, huanzia `/`, folda ya juu kabisa, usipoielekeza kwingine.

Basi tafuta mzizi, yaani folda ya kuanzia ya programu yako, mara moja, mwanzoni kabisa, kutokana na mahali msimbo ulipo. Kwenye Python ni `Path(__file__).resolve().parent`. Njia nyingine zote zijenge juu yake.

Windows ina mitego zaidi. `C:\data` ni njia kamili, yaani haitegemei folda ya kazi. `\data` haitaji diski, kwa hiyo hutumia diski ya sasa. `C:data` nayo hudanganya macho: hutegemea folda ya sasa ya diski C. Kwenye Linux, ikianza na `/` ni kamili, imekwisha. Ila Linux hutofautisha `Ripoti.csv` na `ripoti.csv`, Windows na macOS kwa kawaida hazijali.

Jifunze pia kutenganisha `abspath` na `realpath` za Python, ambazo zote hugeuza njia kuwa kamili. Ya kwanza huondoa `..` (alama ya kupanda folda moja juu) kwa kutazama maandishi tu. Ya pili huenda hadi kwenye diski na kufuata viungo (symlink, yaani jina linaloelekeza kwenye faili au folda nyingine), hivyo folda mojawapo ikiwa ni kiungo, majibu yanaweza kutofautiana. Ninapokagua kama njia iliyoletwa na mtumiaji imebaki ndani ya folda inayoruhusiwa, sitegemei ya kwanza kamwe, na wewe usiitegemee.

Logi nayo iandike njia kamili. Anayeisoma saa nane usiku hawezi kujua programu ilianzia folda gani.