Amapiano itapita kama dubstep?

Mkuu, umeuliza kama bado inalipa kujifunza kutengeneza amapiano, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini, au itazimika kama dubstep, muziki wa kielektroniki wa Uingereza. Dubstep haijazimika. Kilichochuja ni ile besi ya kukwaruza iliyojaa kila mahali mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mdundo wenyewe wa kusini mwa London, BPM 140 (mapigo 140 kwa dakika) na sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, kwenye pigo la tatu, bado unapigwa. House ya Chicago ni vivyo hivyo: tangu miaka ya 1980 sauti zinazowekwa juu ya mdundo zimebadilishwa mno, kiki (ngoma nzito ya chini) nne kwa baa, yaani kila mapigo manne, zimebaki, na amapiano imechipua kwenye shina hilohilo.

Kwa hiyo jifunze mdundo kabla ya sauti. Weka tempo (kasi) BPM 112, anza na sheka, ile kayamba, noti 16 kwa baa. Zikilingana nguvu zote, biti inakufa papo hapo. Zile zinazoangukia kwenye pigo ziache na nguvu, za katikati zipunguze, na kila ya pili ichelewe kidogo. Kisha zima logidramu, ile besi yenye mlio wa gogo. Kama mwili bado unataka kucheza, hapo una biti. Kama hautaki, ulikuwa unauza sauti ya msimu tu.

Logidramu ikirudi, iruhusu noti moja tu kwa wakati, na kiki iwe laini, la sivyo zitagombania Hz 50 hadi 60, eneo la besi ya chini kabisa, na spika itanguruma bila kueleweka. Kwenye simu itapotea kwa sababu spika ndogo haitoi besi ya chini. Usipandishe sauti, tia distosheni kidogo, yaani ikwaruze kiasi, ili ipate mlio wa Hz 200 kwenda juu.

Na singeli, muziki wetu wa kasi, usiiache, nakusihi. Imekulia kwenye vigodoro vya uswahilini Dar bila kusubiri redio, na mdundo wenye wachezaji wake hauondoki kirahisi. Kosa ninalolisikia sana ni kuazima kiki ya house. Kwenye BPM 240 pigo moja ni sekunde 0.25; kiki yenye mkia wa sekunde 0.4 inaingia kwenye pigo linalofuata, yote yanakuwa matope. Ikate hadi sekunde 0.12 hivi.

Ukimaliza, hifadhi kila ala kwenye faili yake ya WAV. Sauti ikichuja, unabadilisha hiyo moja tu, mdundo unabaki.