Mche wa Kalamu wa Mninga na Rezini: Kosa Hutokea Kwenye Kalibu, Huonekana Kwenye Mashine

Mche wa kalamu, yaani kipande cha mti na rezini (plastiki ya maji inayoganda) kinachokerezwa kuwa mwili wa kalamu, ukipasuka ukiwa unazunguka kwenye mashine ya kukereza, lawama huangukia patasi. Mara nyingi patasi haina kosa. Kosa lilifanyika siku tatu nyuma, kipande cha mti kilipowekwa kwenye kalibu, chombo cha kumiminia rezini, kikiwa bado na maji ndani, au hadena, dawa ya kugandisha rezini, ilipokadiriwa kwa macho. Ndiyo maana hapa nakaa zaidi kwenye kumimina kuliko kwenye kukereza.

Tuanze na mti. Tabora tuna mninga na mkurungu, na mabaki yake kwa maseremala huishia kuwa kuni. Okota vipande vyenye fundo, ufa au ubavu uliopinda, maana hapo ndipo rezini hupata pa kuingia na kushika. Bandua gome lote linalolegea, kwa sababu gome likibaki, mche utaachana hapohapo. Kisha kausha. Ubao ulioanikwa kivulini hata mwaka mzima bado una unyevu wa kutosha kutoa mapovu. Pima kipande kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi 105, kisha upime tena kila baada ya saa moja. Uzito ukiacha kushuka mara mbili mfululizo, kimekauka. Kihifadhi papo hapo kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, hasa masika, na hasa kama uko Kigoma karibu na ziwa, kwa sababu mti mkavu hunywa unyevu wa hewani ndani ya usiku mmoja.

Kabla ya kumimina, upake mti rezini nyembamba kwa brashi ungali na uvuguvugu kidogo. Unapopoa, hewa iliyomo kwenye vinyweleo husinyaa na kuivuta rezini ndani. Ukimimina bila kuupaka kwanza, hewa iliyomo hutoka wakati rezini inaganda, na utapata msururu wa mapovu madogo kandokando ya mti. Mkurungu una sababu nyingine ya kupakwa: rangi yake nyekundu huyeyuka kwenye spiriti na asetoni. Usiufute kwa vitu hivyo kisha ukaumiminia rezini nyeupe.

Kalibu haihitaji gharama. Ubavu wa dumu la plastiki la mafuta ya kula hufaa kwa sababu epoksi, aina ya rezini tunayotumia hapa, haliushiki. Plaiwudi iliyofunikwa selotepu pana ya kufungia maboksi nayo hufaa. Ziba pembe zote, kwa sababu epoksi hupita hata pale maji yanapokwama. Gandisha mti chini kwa tone la supagluu, la sivyo utaelea.

Sasa vipimo. Mche wa milimita 20 kwa 20 kwa 130, kama kimche chembamba cha sabuni, una ujazo wa mililita 52. Miche mitano ni mililita 260. Mti ukichukua nusu, unabaki na 130. Ongeza kidogo ya kubaki kwenye kikombe, andaa 150. Kwa epoksi ya mbili kwa moja hiyo ni mililita 100 za rezini na 50 za hadena. Soma kopo kwa makini: uwiano huo ni wa ujazo au wa uzito? Hadena kwa kawaida ni nyepesi kuliko rezini, kwa hiyo mbili kwa moja ya ujazo haiwi mbili kwa moja kwenye mizani. Hapa ndipo watu wengi huharibu, na mche unaobaki laini kama mpira baada ya wiki hauna dawa. Kuzidisha hadena hakuharakishi epoksi, kunalidhoofisha.

Koroga polepole dakika nne, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kisha hamishia kikombe kingine ukoroge dakika moja zaidi. Usiache mchanganyiko kwenye kikombe kirefu, kwani epoksi huzalisha joto lenyewe na likirundikana linaweza kutoa moshi. Oktoba mchana, Tabora ikipita nyuzi 30, muda wa kazi hupungua sana, mimina alfajiri. Ukitaka rangi mbili zikae mbalimbali, subiri rezini iwe nzito kama asali ya Julai. Ukiimimina ikiwa nyepesi, zitachanganyika na kuwa tope. Unga wa mika, yaani rangi ya unga inayometa, usizidi asilimia 5 ya uzito.

Chungu cha shinikizo, chombo kinachofungwa na kujazwa hewa ili kubana mapovu, husaidia sana: psi (kipimo cha shinikizo) 40 hadi 60, kwa muda wote wa kukauka, bila kuzidi kiwango kilichoandikwa kwenye chungu. Sufuria ya presha ya jikoni isitumike kamwe, imetengenezwa kwa psi 15 hivi tu. Kama huna chungu, tumia epoksi la kukauka taratibu na mimina kwa uzi mwembamba kutoka juu.

Wanaotumia rezini ya poliesta, ile ya fibaglasi, badala ya epoksi wajue jambo moja zito. Kama imeuzwa na kiharakishi cha kobalti pembeni, kobalti na hadena visikutane moja kwa moja, hulipuka. Koroga kimoja hadi kiishe ndani ya rezini, ndipo uongeze kingine. Tone la hadena hiyo likiingia jichoni linaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ni lazima. Glovu za nitrili nazo ni lazima kwa rezini zote.

Baada ya saa 72, toboa. Kwa kalamu nyembamba ya kawaida, biti ni milimita 7. Shuka milimita 5, toa biti, safisha, rudia. Vumbi likigeuka kuwa uzi unaonata, umeshapasha joto, pumzika. Acha mche uwe mrefu kwa milimita 8 za ziada, simamisha biti kabla haijatokea, kisha kata mwisho kwa msumeno. Biti inayotokea upande wa pili ndiyo hupasua mche.

Kwangua kibomba cha shaba, kile kinachogundishwa ndani ya tundu, kwa msasa namba 150 ili gundi ishike. Kama rezini inapenyeza mwanga, paka rangi ndani ya tundu, la sivyo shaba itaonekana. Ziba ncha za kibomba kwa nta ya nyuki, ambayo kwetu haikosekani, gundi isiingie ndani. Ila futa nta yote iliyogusa nje. Gundi ikishakauka, sawazisha ncha za mche mpaka duara la shaba ling'ae.

Kwenye mashine, kaza kichwa cha nyuma kidogo tu. Ukikaza mno, mandreli, fimbo ya chuma inayoshikilia mche, hupinda na kalamu hutoka yai. Anza na mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika mpaka pembe ziishe, kisha panda 2,500. Sikiliza: mlio wa kugongagonga ukigeuka mnong'ono, mche umeshakuwa duara. Rezini inayokatwa vizuri hutoka kama utepe mrefu. Ukiona chembe zinaruka kama chumvi, noa patasi na upunguze kina. Simama kidogo tu juu ya bushi, pete za chuma zinazoonyesha unene wa mwisho, na umalizie kwa msasa.

Usisugue mti mtupu kwa msasa na maji, utavimba. Paka supagluu nyembamba mikono sita hadi minane, acha ikauke, ndipo uende na msasa wa maji namba 600, 1000, 1500 na 2000. Kila unapobadili namba, zima mashine usugue kwa urefu wa kalamu kufuta mistari ya duara. Funika kitanda cha mashine kwa kitambaa, maji yasikitie kutu, kisha malizia kwa polishi ya gari.