Kioo kimepasuka: kabla hujamlipa fundi, mwulize kuhusu gundi

Swali: Lori la kokoto lilinirushia jiwe Thika Road wiki mbili zilizopita. Likaacha kidonda kidogo chini ya kioo cha mbele, upande wa abiria, karibu kabisa na ukingo. Jumatatu asubuhi kulikuwa na baridi, nikawasha hita ipulize kioo, na kidonda kikawa ufa wa sentimita 20. Fundi wa kwanza anataka kutoboa mwisho wa ufa na kuujaza supa gluu. Wa pili anasema nibadilishe kioo. Gari ni Toyota Fielder. Nimsikilize yupi? – Msomaji, Ruiru

Jibu: Badilisha. Na si kwa sababu ya hizo sentimita 20. Kuna vifaa vya kuziba hata ufa mrefu kuliko huo, mradi uwe katikati ya kioo, mkavu na msafi. Wako umeanzia ukingoni. Kila unapopanda tuta bodi hujipinda kidogo, na mkazo wote unaishia pale kioo kiliposhikwa. Ufa ulio chini ya sentimita 5 kutoka ukingoni hata ukizibwa vizuri mara nyingi utaendelea kutembea. Ungekuwa mbele ya macho ya dereva jibu lingekuwa hilo hilo, kwa kuwa ukarabati safi huacha kovu, na kovu hilo humetameta usiku taa za gari lingine zikikujia.

Huyo wa supa gluu mwache na supa gluu yake. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandana na utando wa plastiki katikati, na kwa kawaida jiwe huvunja kile cha nje tu. Resini halisi, yaani kimiminika cha kuzibia vidonda vya kioo, ni nyepesi kama maji: hewa huvutwa kwanza kutoka kwenye kidonda, resini ikasukumwa hadi nchani, kisha ikakaushwa kwa taa ya miale ya urujuanimno (UV). Ikikauka hupitisha mwanga karibu sawa na kioo. Supa gluu hugandia mdomoni mwa ufa, hufungia hewa na maji ndani, na baada ya muda hugeuka nyeupe. Baya zaidi, haitoki. Ukija baadaye kwa mtu mwenye resini, hana pa kupitishia. Kidonda kipya kibandike selotepu safi, vumbi na maji yasiingie, ukipeleke siku hiyo hiyo au kesho yake, na usikipulizie hita wala kukimwagia maji moto.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kile kitakachofuata, yaani kugundisha kioo kipya, kwa sababu watu wengi huamini kuwa kazi ya gundi ni kuzuia mvua isiingie. Hapana. Kioo cha mbele husaidia kushikilia paa gari likipinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka ukiegemea kioo hicho. Kikiwa kimeshikwa na silikoni ya madirisha ya nyumba, mfuko utakisukuma nje na abiria atakosa cha kumzuia. Ukisikia harufu ya siki wakati gundi inapakwa, simamisha kazi. Hiyo ni silikoni ya asidi, na juu ya udhaifu wake inakula chuma.

Gundi inayotakiwa ni ya poliyurethani. Gundi ya zamani hukatwa kwa waya au kisu ibaki tabaka la milimita 1 hadi 2, kwa maana gundi mpya hushika vizuri juu ya ile ya zamani iliyo safi. Kutu ikwanguliwe yote, na kila mkwaruzo uliofikia chuma upakwe praima, rangi ya kwanza inayokinga chuma na kusaidia gundi kushika. Fundi asiguse sehemu ya kugundisha kwa vidole vitupu. Jasho na mafuta ya mkono hutosha kuharibu kazi. Gundi ipakwe mfululizo, bila pengo, kioo kikalishwe kabla haijaota ngozi.

Halafu kusubiri, na hapa ndipo haraka huharibu kila kitu. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, na baridi huichelewesha. Muda wa kuruhusu gari kutembea huandikwa kwenye tyubu: kuna za saa moja, kuna za kulala usiku kucha. Anayekupa ufunguo baada ya dakika 15 akisema “twende kazi” hajasoma tyubu yake. Kwa siku nzima acha dirisha moja wazi kidogo, usibamize milango, na usipeleke gari kwenye kuosha kwa presha.

Baadhi ya Fielder za kuanzia 2015 zina kamera nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Ukiiona, mwulize fundi mapema nani atairekebisha upya kioo kikishaingia, maana ikielekea pembeni kidogo tu itasoma barabara vibaya. Kama bima yako ni ya komprehensivu, tazama kipengele cha kioo na kikomo chake kabla hujatoa pesa mfukoni. Na tyubu ya gundi ifunguliwe ukiwepo, baada ya kusoma tarehe ya mwisho. Iliyobaki jana kwenye kazi ya mtu mwingine imeshaanza kuganda.